Mchoraji wa Migongo na Uso Mmoja

Ndugu wafiwa, majirani na jamaa, haya nitakayosoma niliyashuhudia mwenyewe kwa macho yangu mawili, pamoja na kuzaliwa kwake, ingawa mimi ndiye mdogo wake, na asiyeamini anifuate baadaye nimwongezee.

Marehemu kaka yetu, tuliyemwita Brashi, alizaliwa tarehe 3 Mei 1956, kifungua mimba wa mshona magodoro, katika chumba chenye pamba inayoelea hewani, akafungua macho akadhani dunia ni wingu, na dhana hiyo haikumtoka kabisa. Alisoma hadi darasa la saba, hodari wa kuchora ramani na mzembe wa kuandika majina ndani yake, na Januari 1974 akaajiriwa kiwanda cha nguo, akipaka namba kwenye marobota. Huko ndiko alikomwona shemeji yetu, mfumaji, akitoka zamu, akamfuata kisogo hadi kwao, wakafunga ndoa tarehe 12 Septemba 1981, wakajaliwa mabinti wawili mlio nao hapa.

Machi 1989 kiwanda kilifungwa, na asubuhi ile wafanyakazi walisimama mbele ya geti lenye kufuli, na marehemu, aliyechelewa kama kawaida yake, aliwakuta wote wamempa migongo, migongo ya jasho na viraka, ikipumua pamoja kama mtu mmoja aliyelala. Alirudi nyumbani, akapasua gunia tupu la unga, akachanganya mabaki ya rangi ya milango na mafuta ya taa, akachora alichokiona. Fundi viatu wa jirani akajiunga naye, kisha mwashi aliyevunjika mguu, na wengine wawili watatu, wakaitwa kwa kejeli Wapa Migongo, jina wakalipenda, wakajiwekea sharti la kutochora uso, kwa sababu, kwa maneno ya marehemu, uso wa mtu una adabu mno, utakuchekea hata ukiwa na njaa, bali mgongo haujafundishwa adabu. Meneja wa zamani aliagiza picha yake, akaletewa shingo yenye mikunjo, akakana kuwa ni yeye, mkewe akamwambia, "Ni wewe, baba, hata kola naijua." Magunia yalianikwa uani kwenye kamba, na upepo wa jioni ulipoyatikisa ungeapa umati unaondoka taratibu kwenda usikokujua, na waliokuja kucheka walimtafuta mama au baba yao katika umati huo, wakampata.

Aliyechorwa zaidi ni shemeji, akiinamia beseni la nguo za watu, akibeba maji, akingoja foleni, naye alikuwa na ombi moja tu.

"Miaka yote unanichora kisogo, nikipotea utanitangazaje?"

"Nitasema anatafutwa mwenye kisogo kizuri."

"Nichore uso, mume wangu, kabla hatujazeeka."

Alilisema akicheka, na kwa kuwa alicheka, marehemu hakuweza kuuchora uso huo wenye adabu.

Novemba iliyopita mapafu yalimzidi, akalazwa, na alasiri moja wodini shemeji alisinzia kwenye kiti, mdomo wazi kidogo, uso wake umesahau adabu zote, umechoka waziwazi kama mgongo, ndipo marehemu akaniomba gunia na rangi, akamchora mpaka rangi ikaisha, kisha akasema polepole, "Mke wangu, leo nimekuona." Alifariki alfajiri ya tarehe 9 mwezi huu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia harufu ya rangi, majirani waliokesha nasi, na Wapa Migongo, ambao leo wamekubali kukaa wakitutazama.

Sasa shemeji, kabla sijakaa, yale maneno ya mwisho nimeyatunga mimi, kwani kaka aliomba maji tu, akanywa, akalala. Lakini gunia sikulitunga, hilo hapo juu ya jeneza, na uso ni wako. Lala kwa utulivu, kaka, safari hii sisi ndio tunaotazama mgongo wako.