Zamu ya Yeremia

Lori la abiria likiteremka kutoka Newala, karani aliyekaa ubavuni mwa Yuliana alikitazama kichwa cha Yeremia, mtoto aliyebebwa na mama huyo, kilichovimba kama boga.

“Mama, hicho ni cha kupasuliwa na daktari wa ubongo, na huko Dar es Salaam Wazungu ndio hutangulia. Rudi tu nyumbani.”

Yuliana akakaza mbeleko. “Baba, kisimani kwetu bondeni mwenye mgonjwa huteka kwanza. Hata mke wa liwali humpisha.”

“Hospitali si kisima.”

“Ndiyo maana nakwenda kuwaambia.”

Karani akaguna. Huyu, Yuliana aliwaza, tangu azaliwe hajabeba mtungi.

Lori liliposimama Masasi, mwisho wa safari yake, karani alikuwa bado anabisha, huku amekunja miguu yake, kama abiria wengine wote, ili mama Yeremia ashuke kwanza.