Uzi wa Kushonea Mguu

Namuona Bi Tausi, wifi yangu, pale mlangoni. Namuona Mama Hamisi, tuliyeanika naye dagaa chanja kwa chanja miaka yote. Namuona Mzee Nyabenda, mwenye mitumbwi, mtani wangu aliyeniita "Mguu Mmoja". Na Mwanaidi, mjukuu wangu muuguzi, kajificha nyuma kwa haya. Ndugu zangu wa kikundi chetu cha dagaa, nacheka hata sijaanza!

Mnajua waya wa chanja ulinichana muundi wa mguu. Daktari akasafisha kidonda, akafunga, wapi! Mwisho akasema, "Bibi, kikizidi kuingia ndani, mguu huu tutaukata." Mimi nisiyejua njia nyingine ila ya mwaloni kwenye mitumbwi!

Ramadhani ikaingia. Mkaniambia mzee mgonjwa ana ruhusa ya kula. Nikakataa, nikafunga, na kidonda kikapunguza usaha. Jamani, nikapagawa! Nikasema dawa ni njaa. Idi ikapita, nikaunganisha siku sita za Shawali, nikaunganisha Jumatatu na Alhamisi, nafuturu uji mtupu. Bi Tausi akileta samaki, mgebuka mnono, nampa paka. Kidonda kikasimama palepale. Mimi nikakonda, kanga ikanizunguka mara mbili.

Mwanaidi akaja kunibadilishia bandeji, akanitazama, akaanza utani wa mjukuu na bibi.

"Mke mwenzangu, una haraka gani ya kumfuata mume wetu kaburini?"

"Najitibu. Njaa inaponya."

"Haya. Mbalamwezi ikiwaka, mume wetu alikuwa anafanya nini?"

"Haendi ziwani, dagaa hawafuati taa. Anakaa anashona nyavu."

"Anashona kwa kitu gani?"

"Kwa uzi, wewe mtoto!"

"Na uzi wako uko wapi?"

Akanieleza kwamba mwilini mna seli shina, mama wa seli nyingine, ndizo zinazoziba palipochanika. Uzeeni zinasinzia. Wataalamu wamejaribu kwa panya: wakinyimwa chakula kwa muda kisha wakalishwa, hapo kwenye kulishwa ndipo zinapochacharika kujenga. "Kwa binadamu bado wanachunguza," akasema, "wala siwezi kukuapia kwamba saumu ndiyo iliyokupunguzia usaha. Ila bila chakula kidonda hakifungi, hilo nakuapia."

Nawaambieni, jioni ile nilimnyang'anya paka mgebuka! Nikala maharage kwa mawese, nikala mayai ya Mama Hamisi, na dawa za daktari sikuziacha. Nyama mpya ikaanza kuota pembeni, ikajongea katikati, kama tundu la wavu linavyozibwa. Daktari alipoona akavua miwani: "Bibi, kisu nakirudisha kabatini!"

Asante Bi Tausi, uliyeleta samaki hata ulipojua anayeshiba ni paka. Asante Mwanaidi, mke mwenzangu. Wenye sukari na wenye vidonda vya tumbo msinifuate kichwakichwa, muulizeni daktari kwanza. Ila sote tujue: kuacha kwenda ziwani tu hakushoni wavu bila uzi.

Na kama nimekumbuka vibaya, labda yule hakuwa mgebuka, alikuwa kuhe, nisahihisheni hapahapa. Semeni taratibu, sina haraka ya kukaa. Mzee Nyabenda, tazama, nimesimama kwa yote miwili!