Benchi la Anselmo na Shingo ya Ausi

Benchi la Anselmo liko Ruangwa mjini, kona ya kwendea sokoni, chini ya kibanda cha bati chenye nguzo moja katikati. Ni ubao mmoja mrefu unaotazama barabara, na watu wake hukaa mstari mmoja kama wanangoja kupigwa picha. Mwaka ule wa 2005, alasiri yoyote ungemkuta Mizani upande wa kulia, Redio upande wa kushoto, na katikati yao Ausi fundi baiskeli. Mizani alipima korosho ghalani miaka kumi na miwili, na mpaka leo anaamini kila jambo lina uzito wake. Redio ni kijana aliyekaa Dar miezi sita akarudi na maneno ya miaka sita. Anselmo mwenyewe alimimina kahawa, akauza kashata, na hakuwa msemaji. Siku hiyo walikuwa wanamngoja Mama Josephina wa Nkowe, fundi wa kuunga mifupa, ambaye mwenzao Dastani alikwenda kumchukua kwa baiskeli tangu asubuhi. Alikuwa anakuja kumnyoosha Ausi shingo.

Ugonjwa wenyewe ulianza Ausi akiwa na miaka ishirini na minne, na sasa alikuwa na thelathini na mitano. Kwanza kiuno kilimuuma, kikamuuma tena, halafu maumivu yakapanda taratibu kama mchwa kwenye nguzo mpaka yakafika kisogoni. Asubuhi ndiyo mbaya. Mkewe Zena humvuta mikono yote miwili kumtoa kitandani, kisha Ausi huzunguka nyumba hadi jua lichomoze ndipo mwili unakubali kumsikiliza. Ukimwita kwa nyuma hageuki kichwa, anageuka mzima mzima kama mlango. Wasiomjua husema anaringa.

Wiki mbili nyuma alikwenda hospitali ya misheni, wakampiga picha. Daktari akaiinua dirishani akamwonyesha pingili za shingo zinavyoshikana, karibu ziwe fimbo moja ya mwanzi. Akamwambia hii ni baridi yabisi ya uti wa mgongo, mwili wake mwenyewe ndio unavimbisha viungo vyake, hakuna mtu aliyemfanyia. Ameze vidonge, afanye mazoezi, asikae sana mahali pamoja. Na kubwa kuliko yote, asimruhusu mtu yeyote kuigeuza shingo hiyo kwa nguvu, maana inaweza kuvunjika akapooza.

Hilo la mwisho Ausi hakuwaambia wenzake. Aliporudi alikuta wameshatuma salamu Nkowe, wamefurahi, wanapigana mabega, na Mizani anasema mwaka huu utacheza ngoma wewe. Akameza maneno. Tena, tusifichane, kuna kipande chake kilitaka. Labda Mama Josephina ataishika mara moja tu, iseme ka!, na miaka kumi na moja iishe. Kwa hiyo alasiri ile alikaa pale, bahasha ya picha imekunjwa ndani ya shati.

— Mimi nilishasema, akaanza Mizani. Ni gunia. Mwaka ule wa ufuta mwingi Ausi alibeba gunia kichwani kutoka shambani mpaka barabarani. Kilo tisini zile. Kilo tisini juu ya shingo ya kilo tatu, hesabu inakataa!

— Nilibeba nusu gunia, Mizani, akasema Ausi, akijigeuza kiwiliwili kizima kuelekea upande wake. Na nilibeba begani.

— Nusu gunia la ufuta linazidi gunia zima la mihogo. Usibishane na mtu wa mizani.

— Acha fiksi, mzee, akadakia Redio kutoka kushoto, na Ausi akaanza kujigeuza upya kuelekea huko. Ni salfa hiyo. Kila mwaka anapuliza mikorosho ya baba mkwe wake, kichwa juu, mdomo wazi. Salfa inashuka kooni, inakwenda kulala kwenye mfupa, mfupa unaganda. Kitu simpo tu.

— Ruangwa nzima inapuliza salfa, akasema Mizani. Mbona hatujaganda sote?

— Wengine wanafunga mdomo!

Anselmo akacheka kwa pua. Ausi naye akacheka, kisha akajuta, maana kicheko kilimchoma katikati ya mabega. Akaegemea nguzo. Mgongo uligusa, kisogo hakikufika, kikabaki hewani upana wa ngumi. Nguzo hiyo ndiyo iliyomfanya awekwe katikati miaka minane iliyopita. Mgonjwa akae hapa aegemee, walisema, na wakamwinua mtu mwingine ili yeye akae. Ulikuwa wema wa kweli. Ausi hakuwahi kuwaambia kwamba kati ya kazi ya kupiga pampu na kuziba pancha kutwa nzima, na hii kazi ya kukaa katikati ya watu wawili wanaobishana, ya pili ndiyo inayompeleka nyumbani analia.

— Sikilizeni, akasema Mizani, sauti ikashuka. Kuna jambo sikutaka kulisema. Shemeji yetu Zena.

— Zena kafanya nini? akauliza Ausi, akijigeuza tena kulia.

— Kakufunga. Mwanamke mwenye wivu anamfunga mume asigeuke kuangalia wanawake. Niambie, tangu uumwe umewahi kugeuka mwanamke akipita?

— Sijawahi kugeuka hata ng'ombe akipita.

— Umeona! Dawa kali hiyo, imezidi kipimo.

— Zena ananivuta kitandani kila asubuhi, Mizani. Mtu akufunge halafu akufungue kila siku?

— Hata mlinzi wa gereza anafungua asubuhi, akasema Mizani, akaridhika sana na jibu lake.

Redio alikuwa ameshasimama. Kijana huyu akipata wazo hawezi kukaa nalo.

— Nyie wote mmepotea. Ausi, wewe umezaliwa wapi?

— Nachingwea.

— Nachingwea wapi?

— Karibu na uwanja wa ndege wa zamani.

— Basi, imekwisha! Redio akapiga makofi. Wazungu wa karanga, wale wa enzi ya mkoloni! Mnadhani wale walikuja na matrekta yote yale kulima karanga? Walifukia sumaku, wazee. Sumaku kubwa kama nyumba, chini ya uwanja, ya kuvutia ndege zisipotee. Mtoto anazaliwa juu yake, damu yake ina chuma. Anakua, anakuwa nani? Fundi baiskeli! Kutwa anashika chuma. Chuma cha ndani kinavutana na chuma cha nje, katikati kuna nini? Shingo!

Mizani alikuwa akilipima jambo hilo.

— Ina uzito, akakiri.

— Ina uzito gani? Ausi akafoka. Mama yangu kazaa watoto saba palepale, sita wanageuka!

— Hao sita ni mafundi baiskeli? Redio akamuuliza.

Kweli hawakuwa mafundi baiskeli. Ndipo baiskeli ya Dastani ikatokea konani, Dastani amelowa jasho mpaka mkanda, na nyuma yake mwanamke mnene wa makamo, kanga mbili, rozari shingoni, chupa ya mafuta mkononi. Akashuka kwa shida, akajisugua makalio bila kuona haya.

— Huyu ananipitisha kwenye kila shimo la Mungu, akasema. Hodi hapa.

— Karibu, Mama Josephina! Karibu sana! Mizani akasimama, akamfutia nafasi kwa mkono. Anselmo, kahawa ya mama. Mgonjwa ndiye huyu.

— Shikamoo, mama, akasema Ausi.

— Marahaba, baba.

Mama Josephina akanywa kikombe cha kwanza chote, akanyoosha mkono kuomba cha pili. Kisha akamwaga mafuta kiganjani, akasugua viganja, akasimama mbele ya Ausi. Vidole vyake vilikuwa vinene na vya moto. Akavipitisha nyuma ya shingo polepole, akashuka, akapanda. Ausi akafumba macho. Alitaka kuwaambia alichosema daktari, akaacha. Redio akamshika bega moja, Mizani akamshika la pili, ili asije akaruka.

Mikono ya mama ikasimama.

— Huyu alianguka lini?

Mizani akamtazama Redio. Redio akamtazama Dastani, naye Dastani akainua mabega.

— Unajua, mama, alibeba gunia... akaanza Mizani.

— Sikuuliza alibeba nini. Nimeuliza alianguka lini. Kwenye mkorosho? Kwenye baiskeli? Nani alimwona?

— Kuna habari ya salfa pia, akasema Redio, lakini sauti ilikuwa ndogo. Ile sumaku ya Nachingwea Redio hakuitaja kabisa.

— Ninyi mnakaa naye kila siku?

— Kila siku, mama. Mwaka wa nane.

— Na hamjui alianguka lini.

— Sikuanguka, akasema Ausi. Macho yalikuwa bado yamefumbwa. Sijaanguka kabisa. Ilikuja yenyewe, kidogokidogo.

Mama Josephina akaitoa mikono, akajifuta mafuta kwenye kanga.

— Sasa mnataka niunge nini? Mimi kazi yangu ni kilichovunjika. Hapa hamna kilichovunjika, pameota pakashikana. Nikigeuza hapa nitamuua, halafu mje mniambie Josephina kaua mtu Ruangwa. Nina watoto wadogo mimi. Mwachieni mabega!

Wakamwachia upesi kama waliokamatwa na kitu cha watu. Ausi akafumbua macho, machozi yakamtoka palepale mbele ya watu, na hakuyafuta. Akatoa bahasha shatini, akampa Mizani.

— Daktari aliniambia hivyohivyo. Asiguse mtu, naweza kupooza.

— Lini? Mizani alikuwa ameishika bahasha kama kitu cha moto.

— Wiki mbili.

— Wiki mbili! Na ukakaa hapo tukakushika? Ausi, nimekushika mimi, kwa mikono yangu hii! Kwa nini hukusema?

— Mlifurahi. Na mngeniita mwoga. Basi niiteni, naogopa. Wiki nzima sijalala kwa kuogopa leo. Na jingine ni hili benchi.

— Benchi limefanya nini? Anselmo akauliza, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

— Nikikaa katikati nawasikia tu, siwaoni sawasawa. Mkinisemesha nageuka huku, nageuka kule, mwili mzima. Naumia, jamani. Kila siku naumia.

Redio akawa anachimba mchanga kwa kidole cha mguu. Mama Josephina akatafuna kashata ya watu bila kuulizwa. Halafu Anselmo akainuka kwenye kile kistuli chake cha kumiminia kahawa, akakibeba, akakiweka mbele ya benchi, atakayekikalia aipe barabara mgongo. Akarudi akachuchumaa kando ya birika.

— Hamia, akasema.

Ausi akahamia. Mizani, Redio na Mama Josephina wakakaa ubaoni mstari mmoja, na Dastani akajibanza mwisho. Wote wakawa mbele yake, bila yeye kugeuza hata unywele. Aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka, kama mgeni. Redio ameanza kunenepa mashavu. Kichwa cha Mizani kimejaa mvi, na alipofungua kinywa kusema jambo, pale mbele palikuwa na pengo.

— Mizani, akasema Ausi. Hilo jino limetoka lini?

Mizani akaziba mdomo kwa mkono.

— Mwaka wa tatu huu.