Mama Kamasi Anaondoka, na Wale wa Sukari Watajwe

Kama kuna mtu mwenye bahati katika taasisi hii, ni mimi. Kati ya wafanyakazi wote, wenye digrii mbilimbili na wenye miwani ya kusomea, nimechaguliwa mimi dereva kuandika wasifu huu. Sishangai. Nimeendesha mabalozi, mabibi harusi na ng'ombe mmoja mgonjwa, na hakuna aliyeshuka akilalamika isipokuwa ng'ombe. Basi mketi vizuri.

Dada yetu, muuguzi wa utafiti, anastaafu rasmi Ijumaa hii baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Kwenye ubao wa matangazo wameandika kwamba anayestaafu ni "mtunza stoo". Mtunza stoo! Niliposoma nilirudi nyuma nikidhani nimekosea ubao. Ni kweli amemalizia stoo. Lakini mtu hasimuliwi kwa chumba alichosukumiwa mwishoni.

Wagonjwa walimwita Mama Kamasi, naye jina alilipenda. Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia watu wenye sinasi, yaani wale ambao vile vijumba vya hewa vilivyo nyuma ya mashavu na juu ya macho vimevimba, kichwa kikawa kizito kama umefungwa mfuko wa saruji usoni. Ili ajue mtu anaendeleaje, ilibidi amuulize rangi ya kamasi. Akazoea mno. Mtu akipiga chafya kantini, kabla hajafuta pua ameshaulizwa: "Nyeupe, ya njano au ya kijani?" Wengine tulikuwa tunahama meza na sahani zetu. Mhasibu aliwahi kumjibu, "Ya kijani, mama, na mboga yangu umeshaniharibia."

Utafiti wake mkubwa ulihusu vidonge vya homeopathia kwa watu wa sinasi. Nilivyoelewa mimi, ambaye shule niliikimbia mapema, dawa yake hutengenezwa hivi: unachukua tone, unalizimua kwa maji, unachukua tone la maji hayo, unalizimua tena, na tena, mpaka dawa inabaki jina. Kisha unadondoshea vipunje vya sukari. Nikamwambia, dada, hiyo ni kama kumwaga kikombe cha petroli ziwani, halafu uchote maji ya ziwa ujaze tangi. Hakucheka. "Dereva, gari hulijui mpaka upige swichi. Hujapima, usiseme." Ndivyo alivyokuwa. Hakuja kuvidhihaki vidonge wala kuvipigia debe. Alikuja kupima.

Na alipima. Nusu ya wagonjwa walipewa vidonge vyenyewe, nusu wakapewa vipunje vya sukari tupu. Chupa zilifanana kama mapacha, na hata yeye hakujua nani kapewa nini mpaka mwisho.

Katikati ya kazi hiyo akaja fundi mwashi, mmoja wa wagonjwa, jicho limevimba mpaka limefumba. Mkuu wa kitengo cha utafiti akasema avumilie, kabakiza wiki amalize chupa yake, akitolewa sasa atapunguza hesabu. Hesabu! Jicho la mtu! Mama Kamasi alivua koti lake jeupe, akalitundika kwenye kitasa cha mlango wa mkuu, akasema, "Bosi, jicho halina wiki." Mimi akaniambia neno moja: "Washa."

Nikawasha. Njia nzima fundi yuko nyuma, kashikilia kitambaa chenye maji usoni, anatania huku sauti inamtetemeka: "Dereva, nikibaki na jicho moja nitajuaje ukuta umenyooka?" Dada kamshika mkono, anamjibu, "Utajua, mwanangu, maana utabaki na mawili." Hospitali walimpasua jioni ileile. Usaha ulikuwa umetoka kwenye sinasi ukaingia nyuma ya jicho, na daktari alisema angengoja hiyo wiki, jicho lingekwenda, pengine na yeye mwenyewe. Leo anajenga, na kuta zake nimezikagua. Zimenyooka.

Shukrani aliyopata dada? Barua ya onyo, kwa kuondoka kazini bila ruhusa. Mimi sikuandikiwa. Dereva haonywi, anatumwa tu.

Utafiti ukaisha, chupa zikafunuliwa. Waliomeza vidonge walipona wengi. Waliomeza sukari nao walipona wengi vilevile, wala hawakuchelewa, kwa sababu, alinieleza, uvimbe mwingi wa namna hiyo hutulia wenyewe ukipewa muda. Jibu halihitaji miwani. Lakini waliogharamia utafiti ni wauzaji wa vidonge, na ripoti ilipotoka mezani kwa mkuu ilisema "wengi walipona", basi. Sukari haimo! Nusu nzima ya watu waliokuja kwa miguu yao, wakachunguza kamasi zao kila asubuhi bila kuona haya, wamefutwa kama chaki!

Mkutanoni dada akasimama. "Na wale wa sukari je?" Mkuu akamwambia, "Mama, usituharibie siku." Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, kisha akakataza jina lake lisiwekwe kwenye ripoti ile. Jumatatu iliyofuata alikabidhiwa funguo za stoo.

Miaka tisa! Mtu aliyeokoa jicho anahesabu glavu na mashuka, na mkuu anapita koridoni akipiga mluzi! Na vidonge viko madukani, juu ya boksi pameandikwa "vimefanyiwa utafiti". Mimi ni mwongo wa kuzaliwa, lakini uongo wa namna hiyo unanichoma. Wangu haujawahi kumgharimu mtu jicho.

Hata huko stoo hakukaa kimya. Wagonjwa wa zamani walimfuata dirishani, naye aliwaambia: "Siku kumi zikipita bila nafuu, au uso ukivimba upande wa jicho, usibembelezane na kidonge. Nenda kwa daktari." Mkuu akabandika tangazo: STOO SI KLINIKI. Dada akaweka kiti chini ya tangazo hilohilo, watu wakae wakilisoma.

Wiki iliyopita nilimuuliza anataka zawadi gani, maana kamati imeshanunua saa ya ukutani. Akasema, "Saa nitaichukua. Ila kaka, mimi nilichotaka ni wale wa sukari watajwe, hata mara moja." Akageuka kupanga mashuka ambayo yalikuwa yamepangwa.

Basi wanatajwa, hapa, kwa wino, mbele ya wageni na familia yake: wale wa sukari walipona sawasawa na wale wa vidonge. Hayo ndiyo matokeo ya utafiti wa Mama Kamasi. Anayebisha abishe akiwa amesimama, tumwone.

Dada, asante kwa jicho la fundi. Asante kwa kuuliza mara ya tatu. Shemeji akutunze, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na pumzi yako ipite bila kizuizi miaka yote iliyobaki.

Kuhusu kuchaguliwa: hakuna aliyenichagua. Wasifu rasmi ulikuwa mistari minne, na mimi nilitumwa kuupeleka kwa mchapaji tu. Nimempa huu.