Mtandao Unaishia Koridoni

Benchi lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya duka la kinyozi na kibanda cha dobi. Jioni kazi zikipungua, muuza kahawa alitua birika lake hapo na wenye benchi wakasogea mmoja mmoja. Kinyozi alitoka na taulo lake begani. Voltesi, fundi umeme, alikaa mwishoni ili apate pa kunyooshea goti lake bovu. Mstaafu, aliyemalizia utumishi wake posta, alikaa katikati na kuongea taratibu kama anayesomea watu barua zao. Wa nne alikuwa dobi mwenyewe. Mtaa mzima ulimwita Pasi, na alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla hajafiwa na mkewe. Tangu msiba ule alikuwa anakuja, anakunywa, anarudi kwenye nguo za watu. Kwa hiyo jioni aliyoweka simu yake juu ya ubao na kusema ana shida, wenzake waliacha ubishi wao wote, wakamsikiliza.

Akawaeleza. Binti yake, yule kitinda mimba aliyeolewa ng'ambo, alikuwa na ujauzito wa kwanza na siku zake zilikuwa zimekaribia. Kila jioni alimpigia kwa video kupitia wifi ya nyumbani. Basi sauti inakatika, sura inasimama mdomo ukiwa wazi, kisha simu inajikata yenyewe. Jana yake alikuwa amesikia neno "daktari," halafu kimya, halafu "usijali, baba."

— Sasa kati ya daktari na usijali kumepita nini, mimi sijui, alisema Pasi. Na kumpigia kwa vocha ni yaleyale, kule alipo haiingii.

Hakuna aliyecheka. Voltesi akaichukua simu, akaigeuzageuza, akaanza kama daktari anayeanza na ulimi. Akauliza kama simu imewahi kuzimwa na kuwashwa. Imezimwa. Je, kisanduku cha intaneti chenyewe kimezimwa? Pasi akasema alizima swichi kubwa ya nyumba nzima, akangoja, akawasha. Voltesi akamtazama kidogo, maana hiyo ilikuwa njia ndefu ya kuzima kitu kidogo.

— Basi iambie simu iusahau mtandao huo, kisha uingie upya, Voltesi akasema. Simu nyingine zinang'ang'ania kumbukumbu mbovu.

— Itaniuliza neno la siri.

— Si limeandikwa chini ya kisanduku?

— Limeandikwa, alisema Pasi, akanyanyua kikombe chake. Hiyo tuiache kwanza.

Kinyozi aliona hapo ndipo pa kuingilia. Kwa maoni yake, tatizo lilikuwa majirani. Neno la siri likishajulikana na mmoja limejulikana na wote, na pale nyuma ya nyumba ya Pasi wapangaji walikuwa wanaangalia mpira hadi macho yanawatoka. Kila goli wanaloliona ni sentensi ya binti wa watu imekatwa. Pasi akamjibu kwa upole kwamba wapangaji wale walihama kabla ya mvua.

— Ndiyo hiyo mvua, alisema Mstaafu.

Akaanza kueleza. Barua ikilowa, wino unachuruzika, na yeye alikuwa ameona barua za mapenzi zikifika kama maji ya chai. Sasa sauti ya mtoto inatoka ng'ambo, inapita mawinguni, itakosaje kulowa? Zaidi ya hapo, lile ghorofa jipya la mabati ya kung'aa limekaa vibaya. Sauti inaligonga, inarudi ilikotoka. Inawezekana kabisa, alisema, kwamba binti anasikia sauti yake mwenyewe na kudhani ni ya baba yake.

Voltesi hakukubali kupitwa kwenye fani yake. Akageuka akamnyooshea kidole Pasi na kusema kosa ni lake, anapiga pasi ya umeme mchana kutwa. Ile pasi inafyonza. Jioni umeme unaofika nyumbani umechoka, na intaneti inayopanda juu ya umeme uliochoka itatambaa tu. Kinyozi akasema mashine zake za kunyolea nazo zingekuwa zimeua mtaa mzima. Wakabishana hapo kwa muda, lakini kwa sauti za chini, kama watu wanaobishana karibu na mgonjwa.

Pasi hakuwasikia vizuri. Alikuwa anajua jambo ambalo hakulisema. Sebuleni, pale penye kiti chake, alama ya mtandao juu ya simu ilibaki kimstari kimoja. Akisogea koridoni vinakuwa viwili. Akifika mwisho wa koridoni, mbele ya mlango uliofungwa, sauti ya binti yake ilianza kuunganika. Ila hapo hakuweza kusimama kwa muda mrefu. Alikuwa anarudi sebuleni, na mtoto anakatika.

Nyuma ya mlango ule kulikuwa na chumba cha cherehani. Mkewe ndiye aliyeileta intaneti nyumbani, maana wateja walimtumia picha za mishono kwa simu, na alikuwa akitania kwamba katika mawifi zake wote huyu ndiye pekee asiyemsema kwa kaka yake. Binti alipopiga, mama alipokea akiwa palepale na mdomo umejaa pini, wakacheka hadi Pasi akasikia akiwa uani. Yeye alipewa simu mwishoni, akauliza hali, akasema, "Haya, ongea na mama yako," akairudisha.

Benchi lilikuwa bado kwenye pasi na umeme alipofika mwalimu aliyehamia mtaani karibuni, na gauni mkononi la kunyooshwa. Aliwaamkia, akakataa kukalia nafasi waliyompisha, akasimama kungoja zamu yake. Kwa kungoja huko alisikia yote, kuanzia mawingu hadi mabati. Walipotulia kunywa, aliuliza:

— Samahani, baba. Hicho kisanduku chenyewe kiko chumba gani?

Kinyozi akashusha taulo begani na kulikunja. Voltesi akatazama goti lake. Mstaafu akazungusha kahawa kikombeni. Wote watatu walikijua chumba. Waliwahi kupimwa suruali humo, na siku ya arobaini ni wao waliobeba magodoro ya wageni na kabati la chuma na kuvirundika humo ndani, kwa haraka, bila kuangalia vinaegemezwa wapi. Mwalimu akaona nyuso zao, akajua ameuliza kitu kizito, ila hakujua ni kipi.

— Umeuliza vizuri, mwanangu, alisema Pasi. Gauni lako litakuwa tayari kesho.

Akainuka. Kinyozi akamuuliza kwa sauti ya chini kama waende wote. Akasema hapana, hili ni lake.

Mlango haukuwa na ufunguo hata siku moja. Ulikuwa umerudishwa tu. Chumba kilinuka vitambaa vipya. Pasi alisimama kidogo kizingitini, kisha akaanza kazi. Alitoa magodoro, akalisukuma kabati pembeni kidogo kidogo, na nyuma yake, sakafuni, akakiona kisanduku kimebanwa ukutani, taa zake zikiwaka. Akakipandisha juu ya meza ya kukatia. Akauacha mlango wazi. Halafu, kwa kuwa simu ilikuwa imeanza kuita, akavuta kiti cha cherehani akakaa.

Sura ya binti yake ilikuja nzima. Aliona hadi weusi wa chini ya macho.

— Baba, hapo ni wapi?

— Kwa mama yako.

Binti akanyamaza. Pasi akadhani imekatika tena, akatazama juu ya simu. Vimstari vilikuwa vyote. Alikuwa analia tu, kimyakimya, na yeye hakumnyamazisha.

— Wamesema mtoto amekaa vibaya, alisema binti mwishowe. Labda watanipasua. Jioni zote hizi nakwambia, wewe hunisikii. Naogopa, baba.

Mdomo wa Pasi ulikwishafunguka kusema maneno yake ya siku zote, akatazama pembeni, pasipo na mtu wa kumpa simu. Akaishika kwa mikono miwili.

— Sasa nakusikia, alisema. Anza mwanzo.

Binti akajifuta uso kwa kanga, akaanza mwanzo.