Mate Kwenye Kichupa

LÉOCADIE: Haloo? Ni nani mwenzangu? Mikono ina mafuta, sioni jina.

PHILIPPE: Ni mimi, shemeji. Philippe.

LÉOCADIE: Ah, shemeji! Leo umenikumbuka. Habari za huko kwenu Thornton Heath?

PHILIPPE: Nzuri. Siyo nzuri. Uko peke yako hapo?

LÉOCADIE: Mimi na sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Myriam anakuja kula, anasema ana habari za—

PHILIPPE: Najua anakuja! Ndiyo maana nakupigia. Kaa chini.

LÉOCADIE: Mungu wangu. Nani amekufa?

PHILIPPE: Hakuna aliyekufa. Nijibu kitu kimoja tu. Ulitema mate?

LÉOCADIE: Nilitema mate wapi?

PHILIPPE: Kwenye kichupa, Léocadie! Kile kichupa cha binti yangu cha kupima ukoo, cha kumtafuta mzungu wenu.

LÉOCADIE: [anacheka] Ah, hicho! Si alinibembeleza? Alisema mate yake yana Muairishi kidogo, ya kwangu yana mwingi, kwa kuwa mimi ni mjukuu na yeye kitukuu. Nikatema mpaka koo likakauka.

PHILIPPE: Lini?

LÉOCADIE: Kabla ya Pasaka. Mbona unapiga kelele?

PHILIPPE: Na hukuniambia!

LÉOCADIE: Nikuambie habari za mate? Anayetafutwa ni babu yangu, siyo wako. Fundi Heraty, aliyeacha kwao Ireland akapanda meli, akaja Kalemie kutengeneza magarimoshi ya Wabelgiji, akamzaa mama yetu, akafa kwa homa. Ndugu zake hata kaburi hawalijui. Kuna ubaya gani wakijua?

PHILIPPE: Hicho kichupa hakitafuti wafu tu. Kinalinganisha na walio hai. Wewe na Myriam.

LÉOCADIE: [mtandao unakwaruza] —nisha vipi? Rudia.

PHILIPPE: Majibu yametoka leo asubuhi. Myriam kanipigia saa sita, anacheka. "Papa, this thing is broken. Imeandika mama mdogo ndiye mama aliyenizaa."

LÉOCADIE: [mlio wa swichi ya jiko]

PHILIPPE: Léocadie? Haloo? Mtandao huu nao—

LÉOCADIE: Niko. Nimezima moto.

PHILIPPE: Akasema kompyuta inaweza kukosea hivyo kama marehemu mke wangu Adelina na wewe mlikuwa mapacha wa kufanana. Akaniuliza, Mama na mama mdogo walikuwa mapacha?

LÉOCADIE: Ukajibu nini?

PHILIPPE: Nikasema ndiyo.

LÉOCADIE: Philippe!

PHILIPPE: Mdomo ulitangulia! Niliogopa!

LÉOCADIE: Yaya Adelina, dada yangu mkubwa, alinipita miaka saba! Tarehe yake iko kwenye jiwe la kaburi, na Myriam mwenyewe ndiye aliyewaandikia wachongaji. Ya kwangu anaijua, si ndiye anayenijazia fomu? Mama yetu alikuwa tembo, abebe mimba miaka saba?

PHILIPPE: Sema mlibadilisha umri kwenye makaratasi. Wengi walibadilisha.

LÉOCADIE: Wengi, siyo sisi.

PHILIPPE: Nani atakuamini? Watu wa uhamiaji watafungua faili, shemeji. Kule kambini kwa wakimbizi yule bwana mwenye kalamu aliniuliza, huyu mtoto wako? Myriam yuko mgongoni kwa Adelina, amelala. Ningejibu nini? Mke wangu ni mama yake mkubwa, anamlisha, anamwogesha, wanalala mkeka mmoja. Nikasema ni wangu. Hakuuliza aliyemzaa! Fomu zao hazina mahali pa mama mkubwa. Kosa ni lao, lakini atakayelia ni mimi. Ndivyo walivyo, wakubwa wote. Adelina aliwaambia madaktari wao tumbo linauma, kwa miezi tisa, wakampa vidonge na karatasi ya kusubiri. Amekufa ile karatasi iko kwenye mkoba wake. Sasa wamebakiza kuja kumchukua Myriam.

LÉOCADIE: Kichupa siyo cha serikali, shemeji.

PHILIPPE: Hapa kila kitu ni cha serikali! Hata takataka zako wanakupangia siku ya kuzitoa.

LÉOCADIE: Ngoja. Ngoja kwanza. Unaogopa ofisi, au unamwogopa Myriam?

PHILIPPE: Nimebaki naye yeye tu. Kila Jumapili anakuja, ananifungulia barua, ananisomea, maana mimi kusoma kwenyewe... Akijua mimi siye baba yake, atakuja kwangu kama nani?

LÉOCADIE: Na mimi je? Akiniuliza baba yake ni nani? Nilikuwa na miaka kumi na saba, Philippe. Ile siku, ile barabara, hata sura sikui—

PHILIPPE: Usiseme. Najua. Usiseme kwenye simu.

LÉOCADIE: Siku zote sisemi! Kwenye simu sisemi, kanisani sisemi. Yaya alimchukua kwa sababu mimi nilikuwa siwezi hata kumtazama. Sasa naweza. Ametoka mzuri, ana kazi yake, anacheka kama Yaya. Akijua alivyopatikana, si atajitazama kwenye kioo aone wale watu?

PHILIPPE: Basi sema mapacha! Kwa ajili yake.

LÉOCADIE: Unajua kwa nini anakuja leo? Yule mama wa Ireland, Lorraine, amepata barua ya babu, Myriam ananiletea nakala. Alimwandikia dada yake: nina mtoto wa kike huku, usimwambie mama. Dada akaificha ndani ya Biblia mpaka anakufa. Lorraine ni mjukuu wa huyo dada. Alilia kwenye simu, Myriam anasema. Mtu mzima, mvi kichwani, anamlilia mtoto aliyefichwa kabla yeye hajazaliwa. Nami nikasema, watu gani hawa, wanaficha mtoto? Nilisema hivyo kwa mdomo huu, shemeji. Myriam akinisikia.

PHILIPPE: Hayo ni yao!

LÉOCADIE: Ni babu yangu.

PHILIPPE: Nakusihi, Léocadie. Nimesimama kituoni hapa watu wananiangalia—

LÉOCADIE: Kituo gani? Unavuka jiji zima kuja kwangu Walthamstow?

PHILIPPE: Nilitaka kumuwahi. Basi la kwanza limenipita, dereva ananitazama kabisa machoni. Myriam yuko kwenye treni ya chini ya ardhi, simu yake haishiki, na hii yangu chaji ina—

LÉOCADIE: Subiri. Mlango.

PHILIPPE: Usifungue!

LÉOCADIE: Ana ufunguo.

PHILIPPE: Mapacha, Léocadie! Leo tu! Kesho tutakaa tupange—

LÉOCADIE: [mbali na simu] Karibu, mwanangu. Vua koti.

MYRIAM: [mbali] Mbona jiko limezimwa? Mama mdogo? Are you crying?

LÉOCADIE: [mbali] Papa yako yuko kwenye simu. Shika. Mimi siwezi.

MYRIAM: Papa? Kuna nini huku? Nimehesabu miaka kwenye treni. Seven years. They can't be twins, Papa.

PHILIPPE: Sema tena.

MYRIAM: They can't be twins.

PHILIPPE: Siyo hilo. Neno la mwisho, ulivyoniita.

MYRIAM: Papa? Unanitisha.

PHILIPPE: Hawakuwa mapacha. Nilikudanganya. Sikiliza, chaji inakwisha, nisikilize vizuri. Usimuulize mama mdogo kitu. Kitu chochote, umesikia? Mshike mkono, umpe maji. Basi hili hapa linakuja, nitakuambia mimi mwenyewe, kila ki—

MYRIAM: Papa?

MYRIAM: Haloo? Papa?