Wivu wa Sikio Moja

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Vuteni viti karibu, na mwenye sufuria motoni apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka msusi. Msusi huyu alitutoka mwezi uliopita kwa homa ya mapafu. Watu walimwita Rudia. Jina alilopewa na wazazi wake, wapangaji wenzake wengi walilisikia kwa mara ya kwanza siku ya mazishi.

Rudia alisukia nywele barazani, kwenye nyumba ya kupanga. Nyumba ndefu, vyumba huku na huku, korido katikati, bomba moja uani. Alikuwa mpangaji kama wengine. Sikio lake la kushoto halikusikia kitu tangu utotoni. Nasema tena, la kushoto. Lishikeni hilo, tutalihitaji.

Mdogo wake, aliyeishi naye chumba kimoja, anasema hivi: "Dada hakutaka watu wajue. Ukimwambia jambo anainamisha kichwa, anakuletea sikio zima, halafu anakwambia, rudia. Akishasikia anakurudishia maneno yako, ahakikishe ameyapata. Watu wakadhani ni hekima. Mimi niliona kero tu. Unaomba chumvi mpaka uthibitishe kwamba ni chumvi."

Polepole ile baraza ikawa mahali pa kumalizia mambo ya nyumba. Na mambo yalikuwepo. Mwenye nyumba alikuwa mzee mkavu, wakimwita Kufuli, kwa sababu kila akikorofishana na wapangaji alilitia kufuli bomba la uani. Wapangaji nao wakikorofishana naye walipiga simu jiji. Jiji likimtuma afisa, afisa anaongea na yeyote aliyemkuta mlangoni, anaondoka zake. Kila mtu alisema. Hakuna aliyejua mwenzake amesema nini.

Siku moja afisa wa maji alipita, akamkuta fundi viatu wa chumba cha mbele. Akamwambia, "Mwambie mwenye nyumba, wiki ijayo tunakuja kufunga bomba." Maneno yalikuwa hayo tu. Tunakuja kufunga bomba.

Fundi viatu akatangaza korido nzima kwamba jiji linatukatia maji, na kosa ni la mzee. Mzee naye akaambiwa jiji linakata maji, akaamini wapangaji ndio waliomshitaki. Kufuli likaingia kazini. Gari la mafundi wa jiji lilipofika, wapangaji wakasimama getini, hakuna kuingia. Gari likageuza. Afisa akaleta neno: wakizuiwa tena, kazi inahamia mtaa wa pili.

Hapo Rudia akawaita barazani mzee, afisa na fundi viatu. Na hapa naye anaingia mtu aliyeomba mwenyewe tumweke kwenye kipindi hiki. Ni mke wa mzee Kufuli. Alituambia, "Nyie wote mtamsifu. Mimi nitasema nilivyomwonea wivu."

Msikieni. "Mume wangu nyumbani ni mtu wa mm. Namwambia paa linavuja, mm. Namwambia mwanao anataka kuoa, mm. Sasa jioni namwona ananyoa ndevu, anavaa shati la pasi, eti anaenda kuongea na wapangaji. Maongezi gani hayo yanayotaka pasi? Nikamfuata. Nikamkuta yule msusi amemwinamia mume wangu, kichwa hiki hapa, kichwa hiki hapa. Nikajibanza nyuma ya nguzo nisikie wanachoambiana."

Alichosikia ni hiki.

"Mzee," alisema Rudia, "kabla hujamjibu afisa, sema kwanza alichokisema."

"Amesema anakuja kutukatia maji."

"Afisa, ndivyo?"

"Hapana. Nilisema tunakuja kufunga bomba."

"Si ndiyo hivyo hivyo, kufunga," akadakia fundi viatu.

"Kufunga, ndugu yangu. Bomba jipya. Kulifunga pale ukutani, kama unavyofunga taa."

Kisha fundi viatu akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kujificha, "Kwa hiyo sisi tumeyafukuza maji?"

Walicheka wote. Mzee Kufuli alicheka huku akitoa ufunguo mfukoni. Bomba jipya likafungwa. Tangu siku hiyo afisa aliacha kuwatuma watu wa mlangoni. Alikuja barazani, akakaa kwenye kigoda, akasema lake, akarudishiwa mpaka akaitikia, ndivyo.

Aliyekosa kucheka alikuwa nyuma ya nguzo. "Ningemkuta amemshika mkono," anasema mama huyu, "ningejua la kufanya. Nilimkuta anasikiliza. Utamfanya nini mwanaume uliyemkuta anasikiliza? Mtu ambaye mimi nimemwomba sikio tangu ujana wangu."

Baada ya hapo mama akaenda kusukwa. Alikaa, akasubiri Rudia ageukie upande mmoja wa kichwa, akamnong'oneza, "Mume wangu anafuata nini kwako?" Wasikilizaji wapendwa, alinong'ona kushoto.

"Rudia, mama," msusi akasema.

Akanong'ona tena.

"Sijakupata, mama. Rudia kwa sauti."

"Nikajua ananifanyia kusudi," anasema mama. "Nikasema kwa nguvu, mume wangu anafuata nini kwako? Korido nzima ikatoa vichwa. Fundi viatu akaacha nyundo hewani."

Rudia hakukasirika. Alisogea upande wa pili, akainama. "Mama, unasema mumeo anakuja kunisikiliza mimi, na wewe nyumbani hakusikilizi. Ndivyo?"

"Nikasema ndivyo. Na machozi yakanitoka, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunirudishia ya moyoni mwangu yakiwa mazima vile. Basi nikazidi kumwonea wivu. Hata kunielewa alinishinda."

Rudia alimwambia jambo moja tu, kwamba hiyo "rudia" akaitumie nyumbani kwake mwenyewe. Jioni mama akamwambia mumewe kwamba paa la jikoni linavuja. Mzee akasema, mm. Mama akamwambia, rudia. Mzee akaweka kijiko chini. "Unasema paa la sebuleni linavuja." La jikoni. "La jikoni."

"Mpaka leo hajaliziba," anasema mama, "lakini anajua ni la jikoni."

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Mama akaendelea. "Kila akinirudishia neno, anainamisha kichwa, kama yule. Ana masikio mawili mazima, anainama kwa nini? Kajifunza kwa mwanamke mwingine, anakuja kunisikiliza mimi. Siku ya mazishi mdogo wake akasema habari ya sikio. Kumbe alikuwa anamwinamia ili asikie. Nilimwonea wivu wa sikio moja. Nikadhani nikijua hivyo wivu utaisha. Haujaisha. Nyumba nzima inamlilia kwa sababu aliisikia. Mimi nikifa, nani atasema nilimsikia?"

Kwa mdogo wa marehemu, pole sana, dada. Poleni wapangaji wote wa nyumba ile, na afisa ambaye tumeambiwa bado anapita barazani na kukiangalia kigoda. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Mwenye nyumba, mpangaji alikuambia nini mara ya mwisho? Mpangaji, unajua mwenye nyumba alisema nini, au unajua ulichoambiwa korido? Na ninyi wa jiji, mliyempa neno mlangoni alilifikisha vipi?

Mzee Kufuli, najua redio yako iko mezani na mkeo amekaa hapo kando. Ameniambia mtakuwa mnasikiliza. Mkeo amesema nini leo, mzee? Rudia.